Somo la Zamadamu Mbele ya Wazazi

Siku ya kwanza niliporipoti kazini, katika shule moja ya msingi huko Sapiwi, mwalimu mkuu alinipa boksi la chaki na vipindi vya Historia vya darasa la tano. "Mayu," aliniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "hapa fuata muhtasari na usalimie wazazi. Ukikosa kimoja, hutakaa." Muhtasari, kwa ninyi mlioanza kazi juzi, ulikuwa mwongozo wa wizara. Ndani yake kulikuwa na mada ya zamadamu, viumbe wa kale ambao wataalamu wanasema binadamu alitokana nao.

Nilifundisha mada hiyo miaka kadhaa bila neno. Kisha vyama vingi vikaruhusiwa, na mgombea mmoja wa udiwani akaipandisha jukwaani. "Mwalimu yule anawaambia watoto wenu kwamba babu zao walikuwa nyani!" alisema siku ya gulio. "Mkinichagua, namwondoa." Watu wakampigia makofi. Jumatatu yake madawati mengi yalikuwa matupu. Kilichoniuma zaidi, kwaya niliyoimba nayo kanisani ikaacha kuniita mazoezini.

Afisa Elimu wa Wilaya akaitisha mkutano wa wazazi. Kabla hatujaingia alininong'oneza, "Wakikukataa kabisa, itanibidi nikuhamishe. Fundisha somo lako mbele yao. Sina namna nyingine ya kukusaidia."

Nikafundisha. Nilichora mafuvu, nikaeleza habari za mifupa iliyochimbwa Olduvai, nikawaonyesha kwamba kitabu hakikusema popote kuwa babu wa mtu ni nyani wa porini.

Nilipomaliza, akasimama katekista wetu, mzee ambaye hata mgombea alimwogopa. "Mjukuu wangu akiandika kwenye mtihani kwamba Mungu ndiye aliyetuumba, utamkosesha?"

"Baba, swali likiuliza wataalamu wanasemaje, ajibu tuliyosoma. Anachoamini moyoni mimi sikisahihishi. Hata mimi Jumapili nakiri imani ile ile unayotufundisha."

"Basi hujamnyang'anya kitu. Kesho anarudi."

Mgombea akainuka aseme. Akina mama wakamwambia akae, pamba inawasubiri shambani.

Nilijiachia kwenye dawati la mtoto, nikacheka peke yangu kama mwehu. Wiki ile darasa likajaa, na kiongozi wa kwaya akapita nyumbani kuuliza kwa nini nachelewa mazoezini, kana kwamba hakuna kilichotokea! Mgombea alishinda udiwani, lakini suala lile hakuligusa tena.

Baadaye niliomba uhamisho wa kwenda Shishiyu, nikastaafia huko. Walimu vijana huniuliza kama niliogopa. Niliogopa sana. Ningeiruka mada ile, hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nikikutana na wale wanafunzi sokoni Bariadi, watu wazima sasa, mmoja mchungaji, mwingine daktari wa mifugo, wananiita kwa mbali, "Mwalimu!" Nami naitika bila kuinamisha macho.