Walikuta vifuko vyeusi uvunguni mwangu wakataka nikanyolewe, kumbe ni mazoezi ya magoti

Wakuu, salamu. Mlionizidi umri, shikamooni, ingawa nadhani humu mko wawili tu. Na nyie mnaoniitaga "kaka" kwenye comments, mimi ni bibi mwenye wajukuu, punguzeni mazoea.

Nimekuja na hasira.

Juzi kijana mmoja kaleta uzi humu, mama yake ana baridi yabisi ya magoti, anaomba ushauri. Comments zikamiminika. Mpumzishe. Mnunulie kiti kizuri. Asishike jembe, asibebe hata kikombe. Kumbe madaktari wa nchi hii wote wamejaa humu na hatuna habari.

Sasa ngoja niwaeleze nilivyopumzishwa mimi. Sipunguzi wala siongezi, na wahusika walio hai wakisoma watajijua, na wajijue tu.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hivi. Tulikuwa tunakaa Ifakara. Mume wangu alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa na shamba langu la mpunga ng'ambo ya mto, heka tatu, nililopewa na baba yangu mzazi. Langu mimi, si la ukoo wa mume. Hilo lishikeni vizuri, maana habari yote hii ni ya shamba hilo.

Kwa msiojua kwetu, msimu ukifika watu wanahama. Mnavuka kwa pantoni na masufuria na kuku na mikeka, mnakwenda kuishi shambani mpaka mavuno.

Na bonde likijaa maji hulali chini. Unalala juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa kwenye nguzo, unapanda kwa ngazi. Huko juu ndiko unakofukuzia ndege na nguruwe. Asiyeweza kupanda dungu hana msimu.

Basi. Mwaka huo baada ya mavuno magoti yakaanza. Nikiamka asubuhi yamekakamaa, vidole vimevimba, kushika mwiko ni shughuli. Hospitali wakasema baridi yabisi, wakanipa vidonge.

Ndipo akaja wifi Leonsia, dada mkubwa wa mume wangu. Kaja kuniuguza.

Jamani, yule mama aliniuguza. Nikishika ufagio ananyang'anya. Nikitaka kuchota maji ndooni keshanitangulia. Chakula kitandani, maji ya kuoga mlangoni. Kila saa ni pumzika wifi, mifupa ikilazimishwa inasagika. Aliyemfundisha elimu hiyo simjui mpaka leo.

Na nisijifanye malaika. Nilipenda. Nani hapendi kuletewa wali kitandani? Miezi miwili ya kwanza nilikuwa najionea fahari, majirani wanasema nimepata wifi wa peke yake.

Miezi kumi baadaye mapaja yalikuwa yamekwisha. Ngozi inaning'inia tu.

Choo chetu kilikuwa cha shimo, cha kuchuchumaa. Siku moja nikachuchumaa, nikashindwa kuinuka. Nikajaribu mara tatu. Ikabidi nimwite wifi, akaja akanivuta kwa makwapa, mimi mama wa watoto wanne, kanga iko miguuni. Alipotoka pale alikwenda kuwasimulia majirani kwa sauti ya huruma. Nililia siku ile, na sioni aibu kusema.

Msimu ule shamba langu alilima yeye. "Kwa muda tu," walisema.

Wifi alipokwisha kuvuna, mume wangu akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaangalia kucha zake. Akasema wameongea na kaka yake, wameona shamba libaki kwa dada moja kwa moja, mimi nisihangaike tena na mambo ya jembe. Yaani wameongea. Shamba la baba yangu, wameongea wao.

Mwenye kujua mambo ya mawifi anajua kwamba likitoka hivyo halirudi. Sikulala vizuri wiki nzima.

Jumatatu yake wifi akiwa mashineni kukoboa mpunga, jirani yangu Mama Severina akanipakia nyuma ya baiskeli, akanisukuma mpaka hospitali. Huko nikakutana na mtu wa mazoezi ya viungo, Msukuma mmoja mrefu, mkavu, anaitwa Masanja. Wala hakuniambia pole. Akanibonyeza mapaja kama anachagua kuku sokoni, akakunja uso.

"Mama, nani kakukataza kutembea?"

Nikamwambia wifi yangu.

"Kasomea wapi?"



Akanieleza kitu ambacho nilidhani ananitania. Kwamba goti halijishiki lenyewe, linashikwa na nyama za paja. Nyama zikilegea, uzito wote unaangukia pale pale panapouma. Kwamba ninatakiwa kubeba vitu, ila kwa mpangilio.

Akanipa kazi. Nikae kwenye kiti, ninyooshe mguu, niushikilie nikihesabu mpaka tano, niushushe taratibu. Nisimame na kukaa bila kushika popote. Nikamue kitambaa kilichokunjwa kwa ajili ya vidole. Nikizoea, nifunge kifuko cha mchanga juu kidogo ya kifundo cha mguu, nianze na kikombe kimoja, niongeze kidogo kila baada ya wiki mbili. Goti likivimba na kuwa la moto nipunguze mzigo, lakini nisiache kulisogeza. Vidonge niendelee navyo.

Nyie wa gym mnaojipiga picha kwenye kioo, hiyo ndiyo program mnayolipia. Mimi niliipata bure, na nguo ya mazoezi ilikuwa kanga.

Nikashona vifuko viwili. Nguo niliyokuwa nayo ilikuwa kipande cha kaniki, nyeusi tii. Uzi uliobaki ndani ulikuwa mwekundu. Mchanga akaniletea Mama Severina. Nikavificha uvunguni, maana wifi angeviona angevitupa siku hiyo hiyo kwa kunionea huruma.

Naomba muangalie hapo wenyewe. Vifuko vyeusi, vimeshonwa kwa uzi mwekundu, vizito, viko uvunguni mwa mgonjwa asiyepona. Mimi mwenyewe sikuona tatizo, nilikuwa nawaza mapaja yangu tu.

Nikawa nafanya kila wifi akitoka. Wiki ya kwanza nilitetemeka mpaka meno. Wiki ya nne nikainuka kwenye kiti bila kushika. Mwezi wa tatu wa mazoezi nikaenda chooni nikarudi peke yangu, sikumwambia mtu.

Ilipofika Oktoba, wifi akafagia uvunguni.

Nilisikia ukelele tu. Hakuvigusa kwa mkono, alivisukuma kwa fimbo ya ufagio mpaka uani. Kufika saa sita mchana mtaa mzima una habari kwamba mke wa fulani ni mchawi, na uchawi umemrudia mwenyewe miguuni, ndiyo maana haponi.

Kwetu mtu akituhumiwa hivyo anapelekwa kwa mganga, ananyolewa nywele zote, anarudi eti kasafishwa. Na akirudi na kile kipara hana kauli tena, si nyumbani si shambani. Nani atamrudishia shamba mtu aliyenyolewa?

Kikao kikaitishwa Jumamosi, mume wangu akiwepo. Mwenyekiti shemeji Kasiani, kaka yao mkubwa. Huyu shemeji alikuwa katekista, wakuu. Jumapili anatuongoza rozari, Jumamosi anapanga siku ya kunipeleka kunyolewa. Na hata uso haukumwiva.

Wifi akatoa ushahidi. Akasema aliniuguza kwa moyo mmoja, kumbe nalala juu ya mambo. Akalia na machozi. Vifuko vilikuwa katikati ya mkeka, na watu wazima na ndevu zao wamekaa mbali navyo hatua nne.

Nikaomba vifunguliwe. Hakuna aliyetaka kuvigusa. Shemeji akasema havifunguliwi ovyo, mpaka awepo mtaalamu. Mume wangu nilimtazama, akatazama chini.

Basi nikainuka kwenye kiti. Bila kushika. Nikainama nikaokota kimoja, nikakata uzi kwa meno, nikamwaga mchanga kwenye mkeka mbele ya viatu vya katekista. Cha pili nikakifunga mguuni, nikakaa, nikaanza kunyoosha mguu huku nahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Mpaka kumi. Mguu wa pili hivyo hivyo. Mama Severina, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka peke yake mpaka akakaa chini.

Mume wangu ndiye aliyefungua mdomo. "Kumbe unasimama?"

Aisee. Miezi yote ile, mwanaume mwenye akili zake, anauliza kumbe unasimama.

Nikawaambia yote, hospitali, Masanja, paja, mchanga. Nikasema msimu huu nalima shamba langu. Wifi akasema huo ni wazimu wa ugonjwa, ngazi ya dungu si kiti. Wakabishana. Mwisho shemeji, ambaye sasa alitaka tu kikao kiishe kabla habari haijafika kwa padri, akakata maneno. Nikipanda dungu kwa miguu yangu bila kushikwa, shamba langu. Nikishindwa, ni la Leonsia na nisilizungumzie tena mpaka nife.

Nikakubali.

Miezi miwili nilipanda na kushuka tofali uani, mchana kweupe, sina cha kuficha tena. Tofali moja, kisha mawili. Watoto wa mtaa wakawa wanakuja kunihesabia.

Katikati hapo goti la kulia likavimba likawa la moto. Wifi alifurahi, kakiinua kile kiti changu cha zamani kanisogezea na mto juu. Karibu nikikalie. Niliogopa sana, nikaona kweli labda mifupa inasagika. Mama Severina akanirudisha kwa Masanja kwa baiskeli ile ile, Masanja akanigombeza kwamba niliongeza mchanga kwa pupa. Wiki moja bila mzigo, kusogeza tu, halafu nianze chini. Nikafanya hivyo.

Desemba tukavuka mto.

Dungu lilikuwa lile la baba yangu, ngazi ina vipandio tisa. Huko juu nikaona wifi keshapandisha vitu vyake tangu jana. Godoro, sufuria, hadi picha ya Bikira Maria kaning'iniza. Hakuwa hata na shaka.

Ukoo ukasimama chini kuangalia. Nikavua ndala. Mguu wenye nguvu unatangulia, dhaifu unafuata, ndivyo Masanja alivyoniambia. Wifi yuko nyuma yangu anasema shuka utaanguka, nakuonea huruma.

Kipandio cha tano goti likakataa. Sidanganyi, lilikataa kabisa. Vidole vinawaka moto kwenye mti, mguu unatetemeka, chini naona vichwa. Nikasimama hapo muda mrefu. Nikasikia mume wangu anapiga hatua kuja, na nikajua akinigusa tu shamba limekwenda.

"Usinishike," nikamwambia. "Ukinishika leo, si kukuacha tu, nakusahau na jina."

Akarudi nyuma.

Nikahesabu tano kama nilivyokuwa nahesabu kwenye kiti, nikabana paja, nikasukuma. Sita. Saba. Nane nilipanda kwa hasira. Tisa nilijitupa kwa tumbo juu ya miti, nikalala pale nahema, wala haikuwa na heshima yoyote.

Nilipopata pumzi nikaanza kushusha vitu vya wifi. Godoro nilisukuma kwa miguu. Sufuria nilidondosha. Bikira Maria nilimshusha taratibu kwa kamba, maana yeye hakunikosea.

Wifi akauliza sasa yeye atalala wapi. Shemeji Kasiani akafunga jembe lake kwenye baiskeli akaondoka bila kuaga.

Wakuu, sikupona. Anayewaambia baridi yabisi iliisha kwa mazoezi ni mwongo. Vidole vyangu vimepinda, hapa naandika kwa kidole kimoja na imenichukua siku mbili. Lakini lile shamba nililima mimi mpaka watoto wote wakamaliza shule, na dungu nililala mimi. Niliacha kupanda miaka michache iliyopita kwa sababu nilitaka kuacha. Hakuna kikao kilichokaa.

Somo langu kwa yule kijana wa juzi ni hili. Mpeleke mama yako kwa mtu wa mazoezi ya viungo aliyesomea, atampa mzigo wa kiasi chake na kumwambia lini apunguze. Si kila goti ni sawa na langu. Na kabla hujamkalisha, angalia kwanza nani anakaa kwenye nafasi yake.

Wenye maswali ulizeni, nitajibu polepole. Wenye kubisha bisheni, nina muda. Ila wa kuniandikia "pole sana bibi" apite kimya kimya. Hiyo pole nilipewa miezi kumi, na nusura ichukue heka tatu.