Kilo za Mdomoni

Rhoda alikuwa na asubuhi moja tu ya kuokoa kazi yake, na asubuhi yenyewe ikaja na Papa Vénérand.

Kazi si ya kuringia. Kwenye kiwanja kidogo cha ndege kando ya bahari, kaskazini mwa Durban, kuna kampuni ya kukodisha ndege yenye ndege mbili, kontena moja linaloitwa ofisi, na mwenyewe, Bwana Govender wa Chatsworth, mtu anayeamini feni ni anasa. Ndani ya kontena hilo Rhoda humpigia rubani hesabu: abiria na mizigo wana uzito gani, nani akae wapi, mafuta lita ngapi ya kwenda, ya kurudi na ya akiba, na kwa joto la leo ndege itakimbia mita ngapi kabla magurudumu hayajaacha ardhi. Anasaini yeye, rubani anasaini chini yake na kupaa. Picha anapigwa rubani.

Mwanza alikotoka, Rhoda alipima sangara kiwandani miaka mitatu. Durban alikuja kusoma, ada ikamshinda katikati, akasuka nywele mjini miaka minne, na jioni akawa anasoma hesabu za ndege kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Govender akampa miezi mitatu ya majaribio. Katika miezi hiyo alichelewesha ndege mara mbili kwa kurudia hesabu, na Govender akamwambia bila kumung'unya maneno: ikichelewa ya tatu, rudi saluni. Miezi mitatu ilikuwa inaisha siku hiyo hiyo, Jumamosi.

Sasa Papa Vénérand. Huyu ni mtu wa Bukavu, mwenye maduka ya simu mjini, na alikuwa anapeleka mahari ya mwanawe kwa wakwe karibu na mpaka wa Msumbiji. Barabara ya kwenda huko ipo, ya lami, nzuri tu. Lakini alitaka wakwe wamwone akishuka kutoka juu. Walikuwa watano: yeye, mkewe Mama Carmel, mdogo wake Arnaud, na shangazi wawili. Wote wameshona kitenge cha aina moja, kiasi kwamba kwa mbali ungedhani ni pazia limekuja kupanda ndege.

Walijaza fomu wenyewe, kama desturi ya pale. Abiria wote pamoja kilo mia nne hamsini na nane, mizigo kilo thelathini. Ukiongeza rubani na mafuta, jumla ilikuwa chini ya kikomo. Gaël, rubani kijana, mzaliwa wa Goma aliyekulia Queensburgh, alitazama ile namba ya mwisho akasema sharp, iko sawa, tupakie.

Rhoda alikuwa anamtazama Arnaud. Arnaud alikuwa ameandika kilo tisini. Arnaud huyo huyo, mwembamba hadi ungesema tai ndiyo imemvaa yeye.

Hapo ndipo mkono wake ulipokataa kusaini. Aliwajua watu hawa, maana ni watu wake. Kwetu kilo ni cheo. Mwanamume mwenye maduka hawezi kuandika sabini na kitu, watu watadhani biashara imelala. Lakini begi, ah, begi ni habari nyingine. Kila aliyewahi kusimama mbele ya kaunta ya uwanja wa ndege mkubwa amejifunza kunyanyua begi zito kwa mkono mmoja na tabasamu. Begi la Mama Carmel liliandikwa kilo kumi. Lililetwa na wanaume wawili, na wa pili alikuwa anatembea kinyumenyume akitaja majina ya watakatifu.

Kwa hiyo miili wameiongezea, mizigo wameipunguzia, na jumla imetoka safi. Hicho ndicho kilichomtisha. Kilo zilizoandikwa kwenye siti za katikati, kwa kweli zilikuwa zimejificha kwenye shimo la mizigo, kule mkiani.

Alimvuta Gaël pembeni akamweleza. Gaël alitazama saa, akasema kama tatizo ni uzito, wamwage mafuta kidogo.

"Mafuta yako kwenye mabawa, katikati," Rhoda akasema. "Ukimwaga, mkia unabaki mzito vile vile, na wewe unabaki bila mafuta ya kurudi. Umeshaona mkokoteni uliopakiwa nyuma? Mvutaji ananing'inia miguu hewani. Sasa mvutaji ni wewe."

Gaël aliacha kutazama saa. "Eish. Wapime."

Kusema ni rahisi. Rhoda aliburuta mizani ya vifurushi kutoka stoo, akaomba kwa adabu zote. Papa Vénérand akamtazama kama ameombwa avue viatu kanisani.

"Binti, miye niko na kilo mia moja na tano. Niliandika. Unataka kunipima kama mbuzi, mbele ya familia yangu?"

Arnaud akaunga mkono haraka mno. Shangazi wakaanza kuuliza kama mzungu naye hupimwa. Dakika ishirini zikawa zimekwenda, na Rhoda alizihesabu moja moja kama mtu anayeng'olewa meno. Angeweza kusaini. Pengine wangefika. Kiwandani alishawahi kuona "pengine" ikipakiwa kwenye lori, lakini ile ilikuwa samaki.

Akageuza mizani, upande wa namba ukatazama ukuta. Akasogea karibu na Mama Carmel, akainamisha kichwa kidogo.

"Mama, namba yako nitaijua mimi, rubani na ndege. Papa hataijua. Hata akiniuliza, sitamwambia."

Mama Carmel alifikiri. Akavua viatu, akampa mumewe mkoba ashike, akapanda. Rhoda akaandika huku amefunika karatasi kwa kiganja. Baada ya mama, wengine walikosa pa kushika. Papa Vénérand alipanda wa mwisho akiwa amejaza hewa kifuani, kana kwamba hewa nayo inapimika.

Abiria: mia tatu sabini na mbili. Mizigo: mia moja na kumi na mbili. Jumla ilipishana na ile ya fomu kwa kilo nne tu, na shimo la nyuma linaruhusiwa themanini.

Rhoda akapiga hesabu upya. Sufuria mbili kubwa na gunia la unga vikaondoka kwa teksi kufuata barabara. Marobota ya vitenge vya mahari yakafungwa kwa wavu mbele, nyuma tu ya rubani. Papa Vénérand akahamishwa siti ya mbele, jambo alilolipokea kama haki yake iliyochelewa. Arnaud akapelekwa nyuma kabisa. Safari hii uzito ulikaa mahali pake, na mafuta hayakuguswa. Ndege ikaondoka dakika hamsini na tano baada ya saa yake, ikanyanyua pua taratibu, bila haraka na bila kuyumba.

Rhoda alirudi kontenani akaandika ripoti ya ucheleweshaji yeye mwenyewe, kabla mtu mwingine hajamwandikia. Sababu, hesabu mbili sambamba, jina lake chini. Kisha akaanza kukusanya vitu vyake, ambavyo ni kikombe na kikokotoo.

Gaël alipiga simu saa tano kasoro. Wametua salama, wakwe wamepiga vigelegele, na upepo wa kule ulikuwa mbaya. "Dada Rhoda, na mkia ule wa kwanza, kwa upepo huu, nisingekuwa nakupigia. Nimemwambia mzee Govender."

Govender alifika mchana. Akasoma ripoti akiwa amesimama, akarudi mwanzo, akasoma tena. Akataka kujua nani kati ya wale aliongopa zaidi. Rhoda akamwambia hiyo hawezi kusema, ameahidi. Govender akanuna, halafu akachukua fomu tupu ya kampuni, akapiga mstari mnene juu ya mahali abiria anapojaza uzito wake. Akasema irekebishwe, Jumatatu kuna watu wanne wa kwenda Richards Bay.

Rhoda akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, kama hao wanne atawapima yeye.

"Unataka niwapime mimi? Watanipiga," akasema Govender, akatoka kwenda kwenye gari lake.

Rhoda akakaa. Akawaza akina mama wote wa mjini watakaomchukia kuanzia wiki ijayo, akacheka peke yake, kisha akavuta kompyuta akaanza kuandika fomu upya. Alipofika kwenye safu ya mizigo alisita kidogo, akaandika: Usituambie. Tutapima.