Soko huria lilipowafuta wenyeji wa Chwele: swali ambalo bado linanisumbua

Wakuu, salamu kutoka Matisi, Kitale. Hii si ya kuambiwa na jirani. Nilikuwa hapo na macho yangu mawili.

Mimi nanunua vitunguu soko la Chwele, chini ya mlima, napeleka Kitale. Broka, ndio. Najua huku mnatutukana sana lakini vitunguu mnakula, haya tuendelee.

Nilipoanza hii biashara nilikuta kitu hapo Chwele. Baada ya vita vya mlimani kuisha, vile watu wa juu na wa huku chini walipigana, wazee wa soko waliweka sheria yao. Mtu wa mlimani akishuka na mzigo, hauzi mpaka awe na mwenyeji, yaani mtu wa huku chini anayeketi naye pale kwa mzigo na kumtafutia wateja. Mwisho wa siku mwenye mzigo anampa kitu kidogo.

Mimi nimesoma economics college. Kwangu mwenyeji alikuwa gharama tu, mtu anakula katikati bila kuongeza hata kitunguu kimoja.

Mama Chebet wa mlimani ndiye alikuwa ananiuzia. Mwenyeji wake ni Mama Nekesa. Walikuwa wameketi pamoja miaka na miaka na hawakuwa marafiki, msidanganywe. Mama Nekesa alichomewa nyumba wakati wa vita. Mama Chebet alizika mume. Wanaketi kwa gunia moja, kila mtu anaangalia upande wake. Maongezi ni bei na mvua, basi.

Halafu kamati mpya ikaingia, ikatangaza soko huria. Uza kwa unayemtaka, bei jadilianeni wenyewe, mambo ya wenyeji yamekwisha.

Bana, nilifurahi! Na tuseme haki, ilifanya kazi. Mapikapu yaliongezeka, bei ya mkulima ikapanda, Mama Chebet akaezeka mabati mapya. Nikamuuliza kama anammiss Mama Nekesa. Akacheka, "Wa nini? Si alikuwa ananikula tu."

Mama Nekesa naye akahamia upande wa nyanya. Wakikutana, salamu ya mbali.

Watu wa economics mtasema story imeisha hapo, free market imeshinda. Ngojeni kwanza.

Siku moja ya soko ikaingia habari ati kuna mtu wa huku chini ng'ombe wake wameibwa, na nyayo zinapanda mlimani. Vijana wakaanza kupita wakiuliza nani ametoka juu.

Wakatukuta mimi na Mama Chebet tunapima vitunguu. Wakatuzunguka. Mmoja akakanyaga gunia. "Huyu nani anamjua?"

Mimi nilimjua, na nikasema. Lakini mimi ni wa Kitale, hakuna hata mmoja aligeuka kuniangalia. Mama Chebet alikuwa ameshika leso yake. Niliogopa sana, siwadanganyi.

Ndio nikaona Mama Nekesa anakuja mbio kutoka kwa nyanya, aproni bado kiunoni. Akamsukuma yule kijana, akaketi juu ya gunia.

"Huyu ni wangu. Mguse, halafu uende umweleze mamako."

Kumbe anajua mama zao wote! Akaanza kuita wenyeji wa zamani kwa majina, soko zima linasikia. Mmoja mmoja wakaacha biashara zao, wakaenda kusimama na watu wao wa mlimani. Vijana wakaangaliana, wakatawanyika.

Jioni tukasikia ng'ombe wamepatikana kwa shamba la shemeji ya mwenye ng'ombe. Walikuwa wamepotea tu.

Soko lililofuata Mama Chebet alimpelekea kile kitu kidogo cha mwenyeji. Mama Nekesa akamrudishia mkononi.

"Wakati ule nilikuwa nalipwa kuketi na wewe, na nilikuwa nakuchukia. Juzi hakuna mtu amenilipa."

Mama Chebet akalia mbele ya wateja. Mimi nikajifanya nafunga gunia.

Sasa wakuu, nilichojifunza ni kwamba soko huria lilileta bei nzuri, hiyo sikatai. Lakini bei haikumtoa Mama Nekesa kwa nyanya zake. Ilikuwa ile miaka ya kulazimishwa kuketi gunia moja. Kamati ingewafuta wenyeji mapema zaidi, nani angekuja mbio? Na isingewafuta kabisa, Mama Nekesa angejuaje kwamba atakuja bila kulipwa? Hapo nimekwama.

Nyinyi mnaotoka mahali watu walipigana, kwenu soko lilifunguliwa namna gani? Niambieni, hata mkitaka kunitukana ni sawa.

Nauliza kwa sababu siku hizi nanunua pia kwa binti ya Mama Chebet. Pikapu inamfuata mpaka shambani, bei safi kabisa. Huyo msichana hajawahi kuketi na mtu yeyote wa huku chini.