Vipepeo Waliongoja Jumamosi

Sisi tuliokulia Rubona, kule Gisenyi, pale juu ya bandari, zamani zile ambapo simu ilikuwa ya wakubwa wa kiwanda cha bia peke yao, tulifuga vipepeo. Msicheke. Wenzetu walifuga sungura, wengine njiwa, na kulikuwa na jirani mmoja aliyefuga kima mpaka siku kima alipomng'ata mgeni aliyekuja kuposa. Kwetu ilikuwa vipepeo, na aliyetufundisha ni Mama.

Mama aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Mitumbwi ikirudi asubuhi, yeye yuko bandarini na kikapu chake, na hurudi nyumbani mchana amechoka, mikono inanuka samaki. Kazi iliyokuwa imembakia ni moja: kuhakikisha mimi na dada yangu Zaina hatushuki ziwani kuogelea. Mama aliliogopa sana ziwa. Alikuwa amemwona mtoto wa watu akitolewa majini na wavuvi, na tangu hapo alitupiga viboko kila alipokuta nywele zetu zimelowa. Viboko havikusaidia. Tulijifunza tu kukausha nywele vizuri zaidi.

Basi siku moja alituita nyuma ya nyumba, kwenye mlimau, akageuza jani moja. "Muangaliye muzuri," akasema. Tukaona mavi ya ndege. Tukamwangalia Mama, tukidhani jua limempiga. Mara yale mavi yakatembea. Alikuwa kiwavi mdogo, mweusi mwenye doa jeupe. Zaina akapiga kelele, na kuanzia mchana ule ziwa likapoteza wateja wawili.

Tulimfugia kwenye kikapu cha zamani cha sambaza, juu tukafunika kipande cha chandarua kilichochanika, tukakaza kwa utepe wa kitenge. Baadaye kila mtu akawa na wake. Wangu wote niliwaita Komanda, hata wakiwa watatu kwa pamoja. Kiwavi wa mlimau akikua anageuka kijani, ananenepa kama kidole gumba, na ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu yake, ndugu zangu, ni ya chungwa lililooza ndani ya kiatu. Mchezo wetu ulikuwa kuona nani atavumilia kuinusa muda mrefu. Zaina alinishinda siku zote. Huyo dada yangu hakuwa na pua ya kawaida.

Sheria zilikuwa chache, lakini Mama hakuwa na mzaha nazo. Asubuhi unamwaga mavi ya kiwavi, unaweka majani mapya, ndipo unakaa kwenye chai. "Kama kidudu yako haiyakula, na we hauyakula," alikuwa anasema, birika liko mkononi. Nilidhani ni maneno tu. Siku niliyojaribu kumdanganya nilikwenda shule na kaptula yangu ya kaki na tumbo tupu, na lilinguruma saa nzima ya hesabu mpaka mwalimu akauliza nani anaburuta dawati. Sikurudia.

Akishashiba kabisa, kiwavi hupanda kijiti, anajifunga kwa uzi mmoja kiunoni na kuegemea nyuma, kama mtoto aliyebebwa mgongoni kwa kitenge. Anakauka, anakuwa kama kipande cha jani. Hapo hakuna kumgusa. Ni wiki tatu hivi za kungoja, na kwa baridi ya kwetu wakati mwingine zaidi. Mimi na Zaina, ambao hatukuweza kutulia hata kwenye maombi ya msiba, tulikula ugali, sambaza na sombe ya majani ya muhogo tumekaa mbele ya kile kikapu, mafuta ya sambaza yanatutiririka mpaka kwenye kiwiko, tunalinda kitu kisichotikisika. Wazazi wetu walikuwa na mambo yao mengi miaka ile, mambo ambayo hawakutuambia, na Mama hakuwa mtu wa kucheka. Lakini alikuja akakaa nasi pale. Wakati mwingine alisinzia ameegemea ukuta, na sisi tukanong'ona ili asiamke.

Na kipepeo alipotoka! Ganda linageuka jeusi, madoa ya njano yanaonekana kwa ndani, kisha linapasuka asubuhi, jua likishapanda kidogo. Anatoka amelowa, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Ananing'inia. Taratibu yanajinyoosha, meusi yenye madoa ya njano, mapana kuliko kiganja changu cha wakati ule. Kuna siku Mama aliacha mitumbwi irudi yeye hayupo bandarini, kwa sababu Komanda wangu alikuwa anatoka. Sijawahi kuona mtu mwingine akiacha kazi yake kwa ajili yangu.

Sheria ya mwisho ilikuwa hii: kabla ya saa sita mchana unafungua kikapu. Mabawa yakishakauka hakuna kisingizio. Zaina aliwahi kumficha wake kwenye mfuko wa shule ili akamwonyeshe mwalimu, na jioni alipomtoa alikuwa amebaki na vipande vya mabawa. Mama hakumchapa. Alimwambia ambebe mwenyewe mpaka kwenye mlimau, amweke juu ya jani, na akae naye. Zaina alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi nilisimama pembeni nikaona yote. Kwa hiyo nilijua. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea: nilijua.

Sasa hivi mimi ni fundi cherehani Mbugangari, hapa hapa Gisenyi. Mama alishafariki, na mlimau wa Rubona ulikatwa na walionunua kiwanja. Nina watoto wawili, Rehema wa miaka saba na Beni wa miaka minne, mmoja jina la upande wetu na mmoja jina la upande wa mama yao. Mimi na mama yao tuliachana. Walikuwa wanakaa naye Goma, ng'ambo ya mpaka, na kila Jumamosi walikuwa wanavuka na mama yao mdogo, wanashinda kwangu, wanarudi jioni.

Jumamosi zangu zilikuwa ngumu. Watoto wa siku hizi wanajua kuruka tangazo kwenye simu kabla hawajajua kupenga kamasi. Wakifika swali la kwanza ni chaja iko wapi. Nilikuwa nawanunulia Fanta, tunaangaliana, Fanta inakwisha. Ndipo nikaona viwavi kwenye mlimau wa mama mwenye nyumba, na moyo ukanidunda kama wa mtoto. Beni alipoonyeshwa wa kwanza alimsukuma pembeni kwa kidole, kama anayetafuta picha inayofuata. Kiwavi akatoa pembe. Beni akapiga mayowe, akaning'ang'ania mguu, na Rehema akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza mtoto kucheka nyumbani kwangu namna ile.

Kila mmoja akachagua wake, tukawaweka kwenye kikapu chenye chandarua na utepe kama kile cha Mama. Siku za katikati nililisha mimi, na jioni Rehema alikuwa anapiga simu kuuliza wamekula nini, kana kwamba kuna mlo mwingine zaidi ya majani. Nilijibu wamekula pilau. Nilikuwa mtu mwenye furaha, nisiwafiche.

Viwavi walikuwa wameshajifunga kwenye vijiti mama yao aliponipigia kuniambia kwamba mwisho wa mwezi wanahamia Kampala. Mume wake mpya ana biashara kule. Hakuniomba ruhusa, na sikuwa na cha kumkatalia. Nilihesabu Jumamosi zilizobaki: mbili. Ile ya kwanza walikuwa na harusi ya upande wa mama. Ikabaki moja. Nikajiambia, wataona vipepeo wao wakitoka, wataondoka na kitu kimoja ambacho hakiko Kampala wala Goma, kitu cha baba yao. Mimi nilimpata Mama kwenye kile kikapu. Na wao wangenipata mimi humo.

Vipepeo wakatoka Alhamisi. Wote wawili, asubuhi moja, wazuri ajabu. Niliacha suruali ya mteja chini ya sindano nikampigia mama yao.

"Baba Rehema, leo haiwezekane," akasema. "Batoto beko ku masomo. Samedi nitabatuma."

Saa sita ilifika nimekaa mbele ya kikapu. Nilikuwa nimeshika ule utepe. Nikauachia. Nikaloweka pamba kwenye maji ya sukari, nikaiweka ndani, nikasogeza kikapu kivulini, nikajidanganya kwamba siku mbili mpaka Jumamosi si kitu. Ijumaa mchana mama mwenye nyumba alipita na ndoo yake, akasimama akasikiliza wanavyojipiga kwenye chandarua.

"Fundi," akasema, "hii bintu inataka kuenda."

Nikamwambia kesho. Usiku ule sikuweka hata redio. Nilifikiria kwamba nikiwaachia, watoto watakuta kikapu kitupu, na kikapu kitupu hakina tofauti na Fanta iliyokwisha.

Jumamosi saa nne wakafika, wamevaa nguo mpya za safari. Nikawakalisha uani, nikafungua chandarua kwa mbwembwe kama mtu wa sarakasi. Kipepeo wa Rehema alipanda ukingoni mwa kikapu kwa miguu. Bawa moja lilikuwa limebaki nusu. Wa Beni alikuwa chini, juu ya vumbi la njano lililotoka kwenye mabawa yake mwenyewe. Beni alimchota kwa mikono miwili akamrusha juu. Akaanguka. Akamrusha tena.

"Papa," Rehema akaniuliza, "kipepeo ya mi iko mugonjwa?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli. Mama angewaambia wawabebe mpaka kwenye mlimau na wakae nao. Mimi nilisema, "Wamechoka tu, mama. Kesho wataruka." Rehema aliniangalia. Ana macho ya Zaina huyo mtoto. Akamshika Beni mkono, akamwambia waende kunawa. Jioni mama yao mdogo alikuja kuwachukua. Niliwasindikiza mpaka karibu na mpaka, nikawakumbatia, na Beni alikuwa na usingizi hata hakuniaga vizuri. Kesho yake kuku wa jirani walikuwa wanawadonoa wale vipepeo chini ya mlimau, nilikowaacha, na sikuwafukuza.

Miezi imepita sasa. Kampala ni mbali kwa fundi wa Mbugangari, tunaongea kwa simu, na Beni ameshaanza kunijibu kwa Kiingereza nisichokielewa. Juzi mazungumzo yalituishia kama kawaida. Nikatafuta la kusema, nikamuuliza Rehema kama anawakumbuka vipepeo wetu.

"Bile bipepeo byenye bilikatala kuruka?" akasema.

Nikamwambia ndiyo, hao hao.

Nyinyi wa rika langu mnanielewa. Tulikuwa masikini enzi zile, na wazazi wetu hawakujua kusema wanatupenda, lakini nikifumba macho leo namwona Mama nyuma ya nyumba Rubona, mikono inanuka samaki, anafungua kikapu na kusogea nyuma ili atupishe tuone. Wanangu wana nguo nzuri, wana lugha nne, kila mmoja atakuwa na simu yake kabla ya meno yote kuota. Na siku wakikua, wakakaa na wenzao kukumbuka utoto wao kama tunavyokaa sisi, baba yao atakuwa ni yule mtu wa Gisenyi aliyewafungulia kikapu, akasema kesho wataruka.