Siku Nilizofunga Bila Vidonge

Mimi si mtu wa kulia, mjue hivyo kwanza. Mimi ndiye yule ambaye mwalimu akigeuka kuandika ubaoni darasa linacheka, na yeye hajui kwa nini. Naitwa Mshamu, nasoma kidato cha tatu hapa Kilwa Masoko, naishi na mama na bibi mzaa mama. Nina saratani ya damu. Nimeiandika haraka haraka ili nisipate muda wa kuifuta.

Ilinianza darasa la sita. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto kama wengine: mpira, kuogelea, kuchapwa. Halafu tumbo likaanza kuvimba upande wa kushoto, huku mikono na miguu ikibaki vijiti. Wenzangu wakaniita Mheshimiwa kwa ajili ya kile kitambi. Nikalipokea jina. Nikawa natembea mikono nyuma, nawaahidi maji na barabara. Nikilala nalowanisha godoro kwa jasho mpaka bibi akadhani nakojoa. Kumbe ni bandama lililovimba, na damu yenyewe imeharibika. Huko Dar daktari akamwambia mama, "Ugonjwa huu hauondoki kama malaria. Tunautuliza tu. Atameza kidonge kila siku, baada ya kula, na maji mengi."

"Mpaka lini?" mama akauliza.

Daktari akaangalia dirishani.

Basi nikameza. Tumbo likarudi, Mheshimiwa akapoteza jimbo. Lakini vidonge navyo vina vituko vyake. Asubuhi naamka macho yamevimba kama nimetoka kupigwa, misuli ya miguu inakaza mpaka nang'ata shuka, na kichefuchefu hakina adabu, kinakuja hata mtu akiwa anasoma dua. Tena kwa ajili ya hivyo vidonge, Ramadhani sifungi. Huku kwetu anayekula mchana wa Ramadhani anaitwa kobe. Rafiki yangu Bakari akiniona tu anaanza.

"Oya kobe, leo umekula nini?"

"Nimekula futari ya kesho."

Tunacheka. Ila tangu nibalehe sikuwahi kufunga hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko sindano zote. Nyumba nzima ikikaa kwenye mkeka kusubiri adhana, mimi nimeshiba tangu mchana, najifanya na mimi nina njaa.

Mwaka huu, Ramadhani ikikaribia, nilikuwa namsaidia mama kupaa samaki magamba. Walikuwa tasi, na tasi ana miba yenye sumu mgongoni. Mmoja ukanichoma kiganjani, chini ya kidole gumba, ukakatikia humo humo. Mkono ukavimba ukang'aa kama andazi. Ukawa unapwita, unanuka, unatoa maji ya njano. Tukaenda hospitali.

Daktari, kijana wa watu, akaubonyeza. "Ni kazi ndogo ya kisu. Mtu mwingine ningemmaliza sasa hivi."

"Afadhali mimi si mtu mwingine," nikasema, "maana hiyo kummaliza sijaipenda."

Hakucheka. Alikuwa anasoma majibu ya damu yangu. Chembe za kugandisha damu zilikuwa chache, na vidonge vyangu vinaweza kuzipunguza. Akampigia simu daktari wangu wa Dar, wakaongea sana. Aliporudi akasema, "Vidonge vya saratani tunavisimamisha kidogo, mpaka kidonda kikauke. Usianze tena mpaka nikuambie."

Mama akashika meza. "Na ule ugonjwa ukiamka, daktari?"

"Kwa siku chache hauendi mbali. Zikiwa nyingi ndipo nitakapoogopa na mimi."

Nikamkumbuka Issa. Tulikuwa tunakaa benchi moja kliniki kule Dar, naye anatania kama mimi. Alichoka na kichefuchefu akaacha vidonge bila kumwambia mtu. Safari moja nikamkuta tumbo limerudi. Safari iliyofuata nikauliza Issa yuko wapi, nesi akanishika bega, akanikalisha chini.

Vidonge viliposimama na damu ikapimwa tena, nikapasuliwa. Ganzi ilishika nusu. Niliona usaha ukitoka, mzito kama tui la kwanza, nikaona na mwiba wenyewe, mdogo mpaka nikaona aibu. Damu ilichukua muda kukatika. Nesi, Bi Zuhura, alinibana kiganja kwa chachi mpaka ikakatika. Nikapewa dawa za kidonda, asubuhi, mchana na jioni.

Mwezi ukaandama. Bibi, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu huniita mume wangu, akaniita jikoni.

"Mume wangu, kilichokuwa kinakuruhusu kula ni nini?"

"Vidonge, bibi."

"Na sasa unavimeza?"

"Simezi."

"Basi ruhusa iko wapi?"

Mama akafikiri, akasema ni kweli. Zile dawa za kidonda akazipanga upya: moja daku, moja futari. Ya mchana ikakosa nafasi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tulikuwa watu watatu tunaomwogopa Mungu, na kila mmoja alikuwa na furaha yake. Bibi alikuwa amepata mume anayefunga. Mama, nadhani, alikuwa amepata mtoto mzima.

Na mimi je? Sijawahi kuwa na siku tamu kama zile. Sina vidonge, macho hayavimbi, miguu haikazi. Bakari akaniita kobe, nikamtolea ulimi mkavu, mweupe, aukague. "Wallahi mwanangu umefunga!" akasema, akanipa mkono. Jioni kwenye mkeka adhana ilipolia nilikunywa maji nikahisi yanashuka mpaka kwenye kucha. Nilijiona nimepona. Ndiyo, hilo ndilo nililojiambia.

Kidonda kikaanza kunuka upya. Nikakifunika. Joto likapanda, midomo ikapasuka, mkojo ukawa wa rangi ya chai. Nikasema hiyo ni funga, wenzangu nao wanachoka. Halafu siku moja, katikati ya hesabu, ubao ukaanza kusogea mbali. Niliposhtuka nilikuwa sakafuni, bandeji imelowa damu, na Bakari ananipepea kwa daftari huku analia. Darasa lilikuwa linacheka. Walidhani ni moja ya zangu.

Hospitali wakanitundikia dripu. Bi Zuhura akafungua bandeji, harufu ikajaa chumba.

"Nani kakwambia ufunge?"

"Si sinywi tena vile vidonge..."

"Kinachoumwa ni vidonge au ni wewe?"

Mama alikuwa pembeni, akakaa chini pale pale sakafuni. Lile swali liliniingia kuliko kisu. Vidonge vilikuwa vimesimama, ugonjwa haukusimama. Nilikuwa mgonjwa siku zote zile nilizokuwa nacheka na kiu yangu.

Nikapasuliwa mara ya pili. Kwenye usaha mwingi ganzi haishiki, na haikushika. Nililia, nikaita mama, nikaita bibi, nikamwita hata Issa. Kisha majibu ya damu: chembe nyeupe zimepanda sana.

"Inaweza kuwa kidonda," daktari akasema. "Inaweza kuwa ule ugonjwa wako. Hapa siwezi kujua."

Basi hata nafuu ilipokuja, haikuwa na ladha. Kidonda kilikauka nami nikawa nalipapasa tumbo kila asubuhi, upande wa kushoto, kutafuta kama limeanza kuvimba. Bibi alikuwa haniiti mume wangu tena.

Ramadhani ikielekea ukingoni, tukachukua basi pale njia panda ya Nangurukuru kwenda Dar. Wakapima, tukasubiri, na majibu yalipokuja daktari wangu akayasoma mara mbili kabla ya kufungua mdomo. "Ugonjwa umesogea kidogo, lakini haujaamka. Anza vidonge leo."

Sikuruka wala sikupiga kelele. Nilijisikia kama mtu aliyerudishiwa mzigo wake, akaambiwa ashukuru kwamba haukuibwa. Nimeshukuru. Alhamdulillahi. Nawashukuru madaktari, na Bi Zuhura na mdomo wake.

Wewe unayemeza kama mimi, ukisimamishiwa dawa, uliza na yanayofuata: kula, kufunga, kucheza, kusafiri. Uliza hata kama unaona jibu unalijua. Na ukijiona mzima, furahi, lakini usimpe mtu kidonge chako cha mchana akipangie saa nyingine. Sisi wa kumeza kila siku hatuponi kama wengine. Tunaendelea kuwepo, na kuwepo siyo kitu kidogo. Issa angewaambia.

Siku ile ya majibu, mchana, kwenye benchi la hospitali, mama alininunulia wali na maharage. Yeye alikuwa amefunga, midomo imemkauka. Nilipomaliza kula akanishikia chupa ya maji ya baridi, akasubiri niweke kidonge, nikanywa mpaka mwisho mbele yake.

"Fungua mdomo," akasema.

Nikafungua. Akachungulia, akahakikisha kimeshuka, ndipo akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.