Hodi Kwenye Nyumba Yake

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, siku ya ndoa yangu ya pili, chumbani kwangu kule Mbagala tulikuwa hivi: kaka yangu Hamisi, tumbo moja, ndiye aliyeniozesha; Bi Zuhura, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta; Mzee Kibwana, mwenye karakana ya kuchomelea mageti Chang'ombe, aliyesimama kama baba wa bwana harusi; na wanangu Rajabu na Mwajuma, niliozaa na marehemu Athumani. Shehe alikuwa amekwisha kusoma, yuko sebuleni anakula pilau. Na mlangoni, kanzu ya kuazima imemwishia juu ya vifundo, kasimama Selemani, kaja kunipa mkono.

Mwanangu unayenisoma, hatukupendana. Tulistiriana. Mie nilikuwa mjane kijana, nyumba imeezekwa lakini haijapigwa plasta, na mwanamume akiomba maji tu kwangu, mtaa mzima unajua. Yeye alikuwa fundi wa Mzee Kibwana, kapanga chumba Tandale ambacho kila masika maji yanaingia mpaka uvunguni. Kaka Hamisi akasema, huyu hana pakavu pa kulala, na wewe huna mwanamume wa kukohoa ndani. Oaneni yaishe.

Basi Selemani aliponinyooshea mkono, nikauacha hewani. Nikasema, wote wakasikia:

"Nyumba hii ni ya marehemu na wanawe. Wewe hapa mgeni. Ukija, utapiga hodi."

Kaka Hamisi akainamisha kichwa. Selemani akanitazama, wala hakukunja uso.

"Sawa, mama. Au nitoke sasa hivi nikaanze?"

Bi Zuhura akaangua kicheko, na watoto wakacheka. Mie sikucheka.

Na alipiga, mwanangu. Kila magharibi akirudi kazini, mikono myeusi kwa moshi wa chuma, anasimama nje ya mlango: "Hodi." Mpaka niseme karibu ndipo avue viatu. Akanitengenezea geti, zuri, lina maua ya nondo. Alipokwisha kulisimika akanikabidhi funguo zote, hakujibakizia hata mmoja. Nikazifunga kwenye pindo la khanga, nikaona hiyo ndiyo adabu.

Mapenzi hayakunijia kwa kishindo. Mwajuma alipougua homa, ni Selemani aliyekaa naye akimwimbia nyimbo za kwao Rufiji, sauti mbaya kweli, mpaka mtoto akacheka. Rajabu akaanza kumwita baba, hakuambiwa na mtu. Nami jua likishuka nikawa najikuta naoga, nabadilisha khanga, nakaa karibu na mlango, masikio yote nje. Siku moja Bi Zuhura kaja kuomba chumvi, akafunua sufuria yangu.

"He! Samaki kwa tui zito namna hii, anakuja nani?"

"Selemani."

"Yule mgeni?" Akanikonyeza. "Shoga, mgeni gani anapikiwa hivi kila siku ya Mungu? Mwambie basi."

"Nimwambie nini?"

"Asipige hodi kwake."

Nikamfukuza na mwiko. Lakini alisema kweli, nami nilijua. Shida ilikuwa kuanza. Neno nimelisema mbele za watu, nitalirudishaje? Niliogopa ataona nimeshindwa. Nikajiambia nitamwambia Idi. Idi ikaja, tukala, ikapita. Kuna siku ilinyesha mvua kubwa, magari hayapiti, nikasimama mlangoni, mlango wazi, roho juu. Akatokea kalowa chapachapa, tukawa uso kwa uso kabisa. Bado akasema, "Hodi."

Neno nilikuwa nalo tayari. Nikasema "Karibu," kama siku zote, nikampa taulo.

Tukazeeka hivyo hivyo. Kisha kiharusi kikamkuta kazini, kikachukua upande mmoja na ulimi wake. Siku ya kumrudisha kutoka hospitali tulimleta kwa bajaji. Rajabu, mtu mzima sasa mwenye ndevu, akamshika huku, mie huku, Bi Zuhura kabeba mto. Kufika getini, Selemani akaikamata nondo kwa mkono wake mzima, hakubanduka.

"Baba, tuingie, jua kali," Rajabu akasema.

Midomo ilihangaika, sauti haitoki.

"Anataka nini huyu?" Bi Zuhura akauliza.

Mie nilijua anachotaka.

"Selemani," nikamwambia, "ingia. Hapa kwako. Ni kwako siku nyingi, mie tu ndiye niliyenyamaza."

Upande mmoja wa mdomo wake ukacheka. Akaiachia nondo, kwa kifundo cha kidole akagonga chuma, taratibu, ananitania. Kisha akaingia bila kungoja karibu yangu.

Hakuumaliza mfungo uliofuata, Mungu akamchukua. Maisha yote yale aliishi nami kama mgeni, akaja kuwa mwenyeji akiwa kitandani.

Basi mwanangu, kama umeingia kwenye ndoa kwa kustiriwa, usione haya, wengi tumeingia hivyo. Ila siku moyo ukigeuka, mwambie mwenzako siku hiyo hiyo. Hawezi kukisoma kifua chako kwa kula samaki wako. Na kama ulimvunjia heshima mbele za watu, mrudishie mbele za watu, akiwa bado na ulimi wa kukujibu. Usingoje Idi, wala usingoje augue.

Mungu akupe nyumba ambayo nyote wawili mnaingia moja kwa moja, na akulegezee ulimi kwenye jema.

Kaka Hamisi na Mzee Kibwana wametangulia. Bi Zuhura, Rajabu, Mwajuma, nyie mlikuwepo siku ile ya ndoa. Mie nakumbuka nilisema hivyo nilivyoandika. Kama nilisema kwa upole kuliko hivyo, nisahihisheni. Naomba sana niwe nimekosea.