Kaka Alipokuwa Askari wa Gereza Ndani ya Simu

Kaka yangu alirudi kutoka mahabusu akiwa amesahau kufungua milango. Alisimama mbele ya mlango wa chumba chake, mikono nyuma, mpaka mtu apite amfungulie. Mama, aliyeishi nami Mogitu, alimfungulia, kisha akaingia jikoni akalia.

Polisi walimkamata wakati mashamba makubwa ya ngano yalipokuwa yakihamia mikononi mwa wenye fedha kutoka mbali. Moto ulishika shamba moja lililopakana na malisho yetu ya Balangdalalu, na kaka ndiye aliyekuwa amebishana na msimamizi wa shamba hilo mbele ya watu. Kesi ikawa ya kutajwa na kuahirishwa. "Upelelezi haujakamilika," tuliambiwa kila tulipokwenda mahakamani, hadi mashtaka yalipofutwa bila maelezo. Wakati huo mke wake alikuwa ameshaolewa kwingine. Alichotoka nacho ndani ni kikohozi, na kila tulipomwambia aende hospitali alisema ni vumbi tu.

Binti yangu alikuwa nyumbani kwa likizo, na kwenye simu yangu alikuwa ameweka gemu. Unakuwa askari wa gereza: unagawa chakula, unafunga na kufungua vyumba, na juu ya kila mfungwa kuna mstari unaoonyesha hasira yake. Jioni moja nilimkuta akiicheza sebuleni, kaka ameketi pembeni. Nilitaka kumnyang'anya, lakini kaka akaniwahi.

"Huo mstari mwekundu ni wa nini?"

"Ni hasira, baba mkubwa. Ukiwabana sana inapanda, wanafanya fujo. Ukiwalegezea sana wanatoroka. Inabidi uangalie mstari, urekebishe."

Kaka akanigeukia. "Mwalimu, ni kweli kitu kama hicho kinawezekana?"

Nilikuwa nafundisha umeme katika chuo cha ufundi, nikalidaka swali hilo kama mtu anayeogopa ukimya. Nikamweleza habari za pasi. Wewe unachagua joto unalotaka. Ndani kuna kifaa kinachopima joto lililopo na kulilinganisha na lile ulilochagua. Likizidi, kinakata umeme, likipungua, kinaurudisha. Taarifa inatoka kwenye chuma chenyewe na kurudi kwa kile kinachokiamuru. Huo tunauita mrejesho. Ukiondoa kipimo, pasi haijui kitu, itaendelea kupata moto mpaka iunguze nguo na meza.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na sisi," akauliza, "nani alikuwa anatupima?"

Binti yangu aliinamisha uso.

Kaka akamwomba simu. Kwa vidole vyake vigumu alifungua vyumba vyote, akaongeza chakula, akafungua na geti. Mistari yote ikawa kijani. Wafungwa wakatoka mmoja mmoja, naye akiwatazama tu, mpaka maandishi yakatokea kwamba askari amefukuzwa kazi. Alicheka. Tangu arudi hatukuwa tumemsikia akicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaleta damu kiganjani. Alikificha kiganja chini ya koti, lakini Mama, aliyekuwa mlangoni, alikuwa ameshaona.

Asubuhi tulipanda basi la Haydom kwenda hospitali. Muuguzi alimwamkia Mama, akamwuliza mgonjwa ameanza kukohoa lini.

"Tangu ndani," Mama alijibu.

Muuguzi hakuelewa. Ilibidi nimweleze mimi. Baadaye daktari alinivuta pembeni, akasema ni kifua kikuu, pafu moja limekwisha na la pili limeshaanza. Dawa zipo, akasema, ila mwili umechelewa.

Tulikaa naye wodini wiki chache. Kuhusu kesi hakuzungumza hata mara moja. Siku moja aliniuliza, "Huko nyumbani majani yameota?" Nikamwambia yameota. Hayakuwa yameota, ardhi ilikuwa kavu bado. Akasema, "Basi ng'ombe watapona," akafumba macho. Alifariki kesho yake mchana, Mama akiwa amekwenda kutafuta uji.

Tulimrudisha kwa pikapu ya kukodi. Njiani mvua ikatukuta, ya kwanza msimu ule, na dereva akasimama kusubiri ipungue. Mama alikuwa katikati yetu mbele. Alikuwa akitazama maji yanavyoteremka kwenye kioo.

"Huko nyuma hapati baridi?" akauliza.

Dereva aliangalia upande mwingine. Nikavua koti, nikashuka, nikalitandaza juu ya jeneza na kulifunga kwa kamba. Tulipoanza tena kwenda koti lilikuwa limeshalowa lote.